Paipu Fupi ya Breki na Safari ya Posa Michenga

Jambo hili hata mama yangu nimemweleza nusu nusu, kwa sababu ukweli wake wote unatia aibu: ukweni niliingia mara ya kwanza kwa kupitia dimbwi la samadi, mjomba wangu nikiwa nimempakia nyuma, na aliyenitumbukiza humo ni shuku zangu mwenyewe.

Nilikuwa naenda kijiji cha Michenga kujitambulisha kwa Mzee Masanja, baba yake mchumba wangu Kabula, mfugaji wa Kisukuma mwenye watoto wa kiume wanne na wote wana pikipiki, nikaona siwezi kutokea pale na pikipiki yangu ilivyo kama ya kubebea mkaa, nikanunua usukani mrefu, ule unaonyanyuka mpaka mikono inakuwa usawa wa mabega na mtu anaonekana bwana. Nikaupeleka kwa fundi Kasiani, pale mtaa wa Viwanja Sitini. Akaufunga, akaukata kulia mpaka mwisho, akaukata kushoto, akainyanyua pikipiki mpaka gurudumu la mbele likaning'inia, kisha akasema paipu ya breki ya mbele, ile inayoshusha mafuta ya breki kutoka mkononi mpaka kwenye diski, imekuwa fupi. Nitafute ndefu, iwe ya mpira au ile iliyosukwa kwa waya, mradi isivutike usukani ukikatwa, na kama hapa mjini hakuna, tuagize Morogoro nisubiri.

Niliposikia "tuagize" nikajua tayari naibiwa. (Mimi ndivyo nilivyo, mtu akinisalimia vizuri kupita kawaida najiuliza anataka nini.) Nikavuka barabara kuuliza kwenye duka la vipuri, muuzaji akaniambia maneno yale yale, na badala ya kuamini nikazidi kushuku: hawa wamepanga. Nikakumbuka niliwahi kuwaona kanisani wamekaa benchi moja. Nikakumbuka Kasiani wakati anapima alinipa mgongo, na mtu mwenye nia njema atakupaje mgongo?

Nikamwambia nitafikiria. Nyumbani nikachukua bisibisi, nikafungua vibanio viwili vinavyoishika ile paipu kwenye shokapu, ikalegea, nikajaribu breki usukani ukiwa umenyooka, ikashika vizuri. Nikacheka peke yangu, nikajiona mjanja kuliko mji mzima.

Jumapili nikampakia mjomba Damasi, mshenga wangu, ndani ya suti yake ya arusi za watu. Njia nzima alikuwa anauliza kwa nini nimenyoosha mikono kama niliyekamatwa. Barabara ilikuwa imenyooka, breki nzima, mimi raha.

Tukaingia kwa Mzee Masanja, wazee wamekaa kwenye viti, majirani wamekuja kumwona mkwe, na ndama akakatiza mbele yetu. Nikakata usukani kushoto mpaka mwisho huku nimebana breki, paipu ikavutika, ikachomoka, mafuta yakanirukia kifuani, mkono wa breki ukawa laini kama umeshika ugali wa moto. Nikakanyaga ya nyuma, tairi likateleza, tukaingia sote kwenye dimbwi la mlangoni mwa zizi. Mjomba akaibuka amepiga magoti, samadi mpaka kidevuni, na kwa kuwa ni mtu wa adabu zake akasema hodi.

Wakatupa pole, hakuna aliyecheka, na kama ningenyamaza yangeishia hapo. Lakini mimi nikasema kwa sauti kwamba nimehujumiwa, fundi amefanya makusudi, pengine ametumwa na mtu asiyetaka ndoa hii (na nikamtazama kaka yake mkubwa Kabula, Mungu anisamehe). Nikatoa simu, nikaweka spika wasikie wote.

"Kasiani, umenifunga nini kwenye breki?"

"Umeanguka? Umeumia?"

"Jibu nilichokuuliza."

"Nilikwambia paipu ni fupi, ukasema utafikiria. Vibanio niliviacha vimefungwa. Bado vimefungwa?"

Kaka mtu akainama, akaangalia, akasema taratibu kwamba vimefunguliwa, na alama ya bisibisi inaonekana. Kasiani akasikia. Hakunisema. Aliniambia nisiipande tena, ile ya waya alishaiagiza maana alijua nitarudi, na sasa hivi anatafuta gari aje aichukue pikipiki.

Mzee Masanja akanigeukia.

"Fundi kakwambia ukweli, ukamwona mwizi," akasema. "Binti yangu akichelewa sokoni, utamwona nani?"

Kabula alinitazama naye akisubiri jibu hilo hilo, na hapo ndipo nilipoumia kuliko kwenye kuanguka. Mjomba akatoa barua ya posa, inachuruzika, mzee akasema turudi nayo, na siku nikija tena mjomba apumzike, nije na huyo fundi.

Kasiani nilimwomba radhi tukiwa juu ya lile gari alilokuja nalo, mbele ya mjomba, na nikambembeleza wiki mbili ndipo akakubali kuwa mshenga. Mzee alipomuuliza mimi ni mtu wa namna gani, hakunipamba. Alisema ni mbishi na nina shuku, lakini nikikosea nakubali, basi nipewe muda mpaka mavuno, waniangalie.

Mpunga ulipovunwa tukaoana. Shuku ninazo bado, siwezi kuwadanganya, ila nimeapa kuzisema mbele ya mwenyewe, nikiwa nimesimama kwa miguu yangu miwili, si barabarani nikiwa nimempakia mjomba wa watu.