Nusu Sindano ya Gideoni

Siku ya kwanza kazini niliripoti nikiwa na viatu vya kuazima kwa dada yangu, na Mganga Mfawidhi hakunikaribisha hata kiti. Alikuwa mtu mrefu, mkavu wa maneno. Alinipeleka nyuma ya zahanati, kwenye chumba kilichokuwa stoo, akafungua kabati la bati na kunionyesha makopo matatu ya vidonge na boksi moja la sindano.

"Umesomea wagonjwa wa akili?"

"Ndiyo, mganga."

"Basi kuanzia leo hawa ni wako. Mimi nisisikie kelele zao." Akanikabidhi ufunguo, akaenda zake.

Ninyi vijana mnaovaa sare leo mnafundishwa kwamba mgonjwa ni wa kituo, tena ni mtu mwenye haki zake. Mimi niliambiwa ni wangu, na nikaamini hivyo miaka yote. Mniite mwivu, sitakataa. Wagonjwa wangu niliwaonea wivu kama mama mkwe anavyomwonea wivu mwanawe wa kiume, na nitawaeleza wivu huo ulinifikisha wapi.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Mtu anayesikia sauti wasizozisikia wengine, au anayekaa wiki nzima bila usingizi akitangaza kwamba yeye ni mfalme, akishatulizwa hospitali kubwa hurudishwa nyumbani. Hapo ndipo zamu yetu inaanza. Anakuja kliniki anachukua dawa, anarudi shambani. Wengine humeza vidonge kila siku. Wengine, hasa wanaosahau au wanaotema, huchomwa sindano ya mafuta inayokaa mwilini kama mwezi mzima, ikitoa dawa kidogo kidogo. Tuliiita sindano ya mwezi. Ni dawa nzuri, ila ina kisirani chake: ikimzidi mtu, shingo inapinda, macho yanatazama juu, taya linakaza, na ndugu wanakimbilia kusema amerogwa. Ndiyo maana huwa tunaambatanisha vidonge vya kulegeza misuli.

Nilianzia Mkwajuni, enzi mkoa wetu ukiwa bado sehemu ya Mbeya. Nikapelekwa Galula, ambako niliwafuata wagonjwa kwa pikipiki hadi mashimo ya dhahabu, sketi imefungwa kwa kamba isinaswe kwenye spoki. Wanaume walicheka. Nikawaacha wacheke. Mwisho nikahamishiwa kituo kimoja cha afya wilayani Mbozi, na hapo nikakaa mpaka mvi zikanikuta. Siku yangu ilikuwa Alhamisi. Wagonjwa walikaa kwenye benchi la nje, linalotazamana na njia ya sokoni, nami nikaita majina kwa sauti kutoka mlangoni. Watu wa sokoni waliiita Alhamisi ya vichaa. Mimi niliona ni Alhamisi ya Sista Nambeye, na nilijivuna.

Kadi ya kliniki ilikuwa ndogo. Ilibeba jina, dawa na tarehe, basi. Mengine niliyaandika kwenye daftari langu mwenyewe, lililokaa kwenye mkoba wangu na kulala nyumbani kwangu: nani haelewani na mke wake, nani anakunywa pombe msimu wa kahawa, nani akichelewa siku tatu tu anaanza kuwasha moto ovyo. Mratibu wa Afya ya Akili wa wilaya, bosi wangu wa miaka mingi, alinionya.

"Sista, ukifa leo, haya yote yatasomwa na nani?"

"Sijafa, bosi," nikamjibu.

Miongoni mwa walioandikwa humo alikuwamo kijana wa Iyula nitakayemwita Gideoni. Si jina lake. Aliniruhusu nimsimulie, jina alikataa. Alikuwa na miaka ishirini na miwili wajomba zake walipomleta amefungwa kamba za mkonge, vidonda mikononi. Nilimchoma sindano nzima, kipimo cha kawaida. Siku ya tatu mama yake akarudi naye mbio, shingo imegeukia begani, mate yanamtoka. Nilimpa dawa ya kulegeza, kisha nikampigia daktari wa hospitali ya rufaa. Tukakubaliana nimpe nusu sindano kila baada ya wiki mbili. Ilimkaa vizuri. Gideoni akarudi kwenye kahawa, akaoa, akapata mtoto, akawa anapiga kinanda kanisani. Miaka tisa hakuugua. Ile nusu nusu iliandikwa kwenye daftari langu tu, kwa mkono wangu; Gideoni mwenyewe alijua tarehe zake, si kipimo.

Sasa nimtaje Upendo. Nilimfundisha mimi. Alikuja kwangu akiwa mwanafunzi, binti wa Kinamwanga kutoka Tunduma, mwembamba, mpole, kila sentensi anamalizia na "mukwai" kama watu wa mpakani wanavyoheshimu wakubwa. Nilimfundisha kuvuta ile dawa nzito bila kuacha kiputo cha hewa, kumtambua anayeficha kidonge chini ya ulimi, kukaa karibu na mlango mgonjwa akiwa na hasira. Akahitimu, akapangiwa kliniki mpya Tunduma. Haikupita muda nikaanza kuona nafasi kwenye benchi langu.

Niliulizia. Kumbe Upendo amefuta siku ya wagonjwa wa akili. Wake wanakuja siku yoyote, wanapanga foleni moja na watu wa presha na kisukari, wanaingia mlango uleule. Anayekuona pale hajui umefuata nini. Anapiga simu siku moja kabla ya tarehe yako. Halafu anakuuliza dawa inakusumbua wapi, hata mambo ya chumbani anakuuliza. Watu walipanda magari mawili, wakalipita benchi langu, wakaenda kuchomwa Tunduma.

Kwenye kikao cha wilaya Mratibu akasimama, akasema, "Anayetaka kujua kliniki inavyoendeshwa, aende kwa Upendo." Watu wakapiga makofi. Upendo akainama kwa aibu, akanionyesha mimi kwa mkono, akasema, "Mwalimu wangu yule pale, mukwai." Nilitabasamu, na moyoni nilimtakia aanguke. Nasema kweli yangu. Nilimchukia kwa ule unyenyekevu wake kuliko ambavyo ningemchukia kwa majivuno.

Alhamisi moja akaja mama yake Gideoni, peke yake, kitenge kipya kiunoni. Alikuwa ameshakwenda kuikagua kliniki ya Tunduma kama anavyokagua mbegu za mahindi kabla hajanunua. Aliuliza dawa huwa zinakatika au hazikatiki. Aliuliza nani anabaki mhudumu akienda likizo, na mwanawe akizidiwa siku ya Jumapili ampigie nani.

"Sista, wewe ni ndugu," akaniambia. "Hatuna ugomvi. Ila mjukuu wangu sasa anasoma. Juzi wenzake wamemwambia baba yako anakaa benchi la vichaa. Gideoni hajala siku mbili. Naomba barua ya uhamisho."

"Miaka tisa, mama. Nani alimfungua kamba?"

"Ni wewe. Mungu akubariki." Akabaki amekaa, anasubiri barua.

Nikaandika. Jina, ugonjwa, dawa, na jumla ya kipimo chake kwa mwezi. Nusu mbili ni moja, kwa hiyo nikaandika sindano moja kwa mwezi. Hesabu ilikuwa sahihi, na kwenye barua ile hakuna uongo hata nukta. Daftari lilikuwa mkobani, chini ya miguu yangu. Nilijiambia: si ni hodari? Ataona mwenyewe.

Upendo hakuwa mzembe. Siku Gideoni alipofika kwake alinipigia simu mara mbili. Niliona jina lake kwenye kioo. Nikaigeuza simu kifudifudi juu ya meza, nikaendelea kupanga vidonge.

Mwezi haujaisha, mama yule akarudi. Aliniambia Gideoni alichomwa sindano nzima, kama barua yangu ilivyosema, na siku ya tatu shingo ikapinda akiwa kanisani, mbele ya kinanda, watu wote wanaona. "Upendo amekuja mpaka Iyula," akasema. "Amepiga magoti, ameniomba msamaha. Anasema kosa ni lake."

Mnataka kujua nilichohisi? Nilifurahi. Furaha ilinipanda mpaka kifuani, nikainamisha uso asiione. Nikajisemea, sasa wamejua nani ni nani. Kisha mama akasema, kwa sauti ileile, "Ila Gideoni hayupo. Baada ya shingo kunyooka alisema hatachomwa tena na mtu yeyote. Ameondoka na pikipiki. Wiki tatu leo. Wanasema yuko mashimoni, upande wa Mkwajuni."

Wiki tatu, na dawa ile hukaa mwezi. Mtu anayesikia sauti, dawa inamwishia mwilini, na amesimama kwenye mdomo wa shimo. Nilibeba mkoba, nikapanda gari la Tunduma.

Upendo alikuwa anampima presha mzee mmoja. Nilisubiri kwenye foleni, katikati ya watu, na hakuna aliyenigeukia. Zamu yangu ilipofika nikaweka daftari mezani, nikalifungua kwenye ukurasa wa Gideoni. Alisoma. Alisoma tena.

"Nilikupigia, Sista."

"Niliona."

"Mara mbili."

"Niliona zote mbili. Nilikuonea wivu, Upendo. Nilitaka ukosee."

Nilitegemea anitukane, ningepumua. Alifuta macho kwa mgongo wa mkono, kisha akauliza, "Dawa imebakiza siku ngapi mwilini mwake?" Hakuniita mukwai siku ile. Alichukua boksi la dawa na vidonge vya kulegeza misuli, akaomba ruhusa kwa bosi wake, tukaondoka.

Njia za Mkwajuni nilizijua mimi. Tulikodi pikipiki mbili, tukauliza shimo kwa shimo, mpaka kesho yake mchana tukampata kwenye karasha, ile mashine ya kusaga mawe. Amekonda, midomo imepasuka, anaongea na jiwe alilolishika. Wenzake walisema hajalala siku nne, na asubuhi ile walimvuta shati akiwa anataka kuteremka shimoni bila kamba, anasema anaitwa huko chini. Alinitambua. Akarudi nyuma hatua mbili.

"Gideoni, mwanangu," nikasema, "kosa si la huyu. Ni langu. Nilijua kipimo chako, nikanyamaza. Rudi kwangu. Mimi nakujua."

Akageukia tena jiwe lake. Upendo akachuchumaa mbali kidogo, akavuta dawa kwenye sindano polepole, kisha akamnyooshea mkono. "Shika uangalie mwenyewe. Ukisema imezidi, naipunguza. Ukisema hapana, nakaa hapa tu na wewe."

Gideoni aliishika ile sindano, akaiinua kwenye jua, akaziangalia zile alama za kipimo muda mrefu sana. Miaka tisa mimi nilimwambia "geuka" na akageuka. Sikuwahi kumwonyesha.

"Ni nusu," akasema.

"Ni nusu," Upendo akajibu.

Akamrudishia, akafungua mkanda.

Alipopata nafuu, mama yake alimuuliza mbele yangu anataka kliniki ipi. Nami nilikuwa nimeshaliondoa benchi, nimeshaifuta Alhamisi, nilikuwa tayari kumpa hata kiti changu. Gideoni aliniangalia bila chuki. "Tunduma," akasema. Asiyekubali kushindwa si mshindani, wanasema watu. Nilikubali, nikaenda nyuma ya jengo nikalia.

Nilimweleza Mratibu kila kitu. Alinipa barua ya onyo, nikaisaini. Mpaka leo iko kwenye jalada langu, na ilistahili. Miaka miwili iliyobaki nilikaa na Upendo kila Jumamosi tukihamisha daftari langu, mgonjwa mmoja mmoja, kwenye mafaili ambayo yeyote anaweza kuyasoma. Siku ya kuagwa nilipewa kabati la vyombo na hotuba ndefu. Upendo alikuja. Tulisalimiana vizuri. Hatukuwa tena kama zamani, na sikumlaumu.

Sasa niko nyumbani Vwawa na kuku wangu. Watu bado wanakuja. Baba anamleta binti asiyelala, mke anamleta mume anayejifungia ndani, wananiuliza, "Sista, wewe umefanya kazi hii miaka yote. Tumpeleke kliniki ipi?" Nawaambia wakaangalie kama dawa zipo kila mwezi. Waangalie kama mgonjwa mwenyewe anaulizwa au anaambiwa tu ageuke. Waulize kama yaliyoandikwa juu yake yanaweza kusomwa na mtu mwingine. Wananisikiliza kwa adabu, kisha wanasema, "Sawa mama, lakini wapi?"

Wanataka jina. Ninalo moja tu la kuwapa, na kila nikilitaja linanikwaruza koo mpaka leo. Nawaambia, nendeni Tunduma, mkamuulize Upendo.