Kichwa cha Samaki Kutoka Beni

Kwa miaka mingi nilikana kwamba nawajua samaki wangu kwa sura. Mtu akiniuliza, nilicheka kama mtu aliyepita chuo kikuu na kusema samaki ni samaki. Leo nakiri: nawajua. Nikisimama ukingoni mwa bwawa letu dogo, nyuma ya nyumba hapa Butembo, nawatambua kama ninavyowatambua majirani wakitoka misa ya kwanza, na wapo ninaowaepuka. Kuliko wote namjua jike mmoja mkubwa, mwenye mdomo wa juu uliochanika upande mmoja. Ni tilapia tu. Lakini alitoka katika bwawa la baba yangu kule Musienene, kabla kaka zangu hawajalifukia ili wapande viazi, na wa ukoo ule hakuna mwingine aliyebaki.

Bwawa lilianza kuvuja. Maji yalipita chini ya ukuta wa udongo yakaenda kunywesha maboga ya jirani, ambaye alikuwa akimshukuru Mungu kwa sauti. Ilibidi tulikaushe, tutoe tope, tushindilie udongo mpya wa kinamo. Samaki nao ilibidi wapate pa kulala.

Nilianza kwa kuwaweka kwenye mapipa ya plastiki barazani. Wakawa wanakuja juu kuhema, midomo wazi, na paka wa mtaa mzima wakahamia kwetu. Ndipo mume wangu akasema, "Tubapeleke kwa dada yangu, Beni. Eko na tangi la saruji la maji ya mvua. Kule kuko joto, batafurahi."

Hilo la joto sikulipinga. Nilichokuwa nakifikiria ni wifi yangu mwenyewe, ambaye nimemwona akifyonza miiba ya samaki mpaka inang'aa. Jirani akikulia samaki, angalau utasikia harufu. Beni ni mbali.

Tulikodi gari, nikakaa nyuma na bidoni zangu, madumu yenye samaki, nikizitikisa ili maji yapate hewa. Kwenye kizuizi mwanajeshi aliingiza kichwa dirishani.

"Mama, unabeba nini?"

"Samaki."

"Bazima?"

"Bazima."

"Ya kuuza?"

"Hapana. Banaenda kutembelea wifi yangu."

Aliniangalia kwa muda, akaangalia bidoni, kisha akatufungulia njia haraka, kama mtu asiyetaka kuambukizwa.

Wifi alitupokea akiwa ameshika kiuno. "Na hawa batalala mu chumba ya bageni?"

"Wifi, hawa si wa kula."

"Nani amesema kula? Weye ndiyo umesema."

Kwetu, mtu akikulishia mbuzi, mbuzi huyo akizaa, mlishaji ana sehemu yake katika watoto. Mbuzi akifa, mlishaji anakuletea ngozi, ili ujue kwamba hakumuuza. Hakuna anayeandika chochote. Ngozi yenyewe inatosha. Haikunijia kabisa kwamba sheria hiyo ingeweza kuwafikia samaki. Wifi ilimjia siku ileile, lakini hakuniambia.

Baada ya muda akaanza kupiga simu.

"Ule mukubwa hapana anakula."

"Unamupa nini?"

"Kile ulisema. Bengine banakula. Yeye anakaa tu kwa kona, mashavu imejaa."

"Mashavu imejaa na hapana anakula?" nikauliza, kwa sauti ya wakili. "Wifi, si unamunyima?"

"Ninamunyima nini, fufu?"

Nilikata simu nikiwa na hakika kwamba anaandaa njia ya kumpoteza. Njia hiyo naijua kwa sababu nimeipita mwenyewe. Nilipotaka kuondoa kabati alilonipa mama mkwe, sikulitupa ghafla. Kwanza nilitangaza kwamba mlango wake unalia, kisha kwamba wadudu wameingia, na siku lilipotoweka hakuna aliyeshangaa. Sasa samaki wangu alikuwa ameanza kutangazwa. Leo hali, kesho anaumwa, keshokutwa tumwombee.

Bwawa lilipokamilika nilimpigia wifi kwamba Jumamosi naja kuwachukua wote. Nilisikia kuku wake, nikasikia mtu akisukuma kiti.

"Utakuta bengine," akasema. "Ule mukubwa amekufa."

Kabla ya Jumamosi kufika, dereva mmoja alituletea kifurushi cha karatasi kutoka kwake. Ndani mlikuwa na kichwa cha samaki kilichokaushwa kwa moshi.

Mume wangu alikipokea kwa mikono miwili. "Unaona?" akasema. "Dada yangu anafuata sheria. Ameleta ngozi."

Nilikichukua hadi dirishani, nikavaa miwani. Mdomo wa juu ulikuwa mzima. Moshi hukausha, lakini sijawahi kusikia kwamba unashona.

"Si yeye," nikasema.

"Utajuaje? Wewe mwenyewe unasemaka samaki ni samaki."

Nilikuwa na ushahidi mkononi, na ili niutumie ilinipasa kumwambia kwamba kwa miaka yote ile nimekuwa nikisimama bwawani nikisoma nyuso. Kesho yake ndugu zake wote wangekuwa wananiuliza samaki wameamkaje. Nikakirudisha kichwa kwenye karatasi. Sikumtumia wifi hata neno la asante, jambo ambalo kwetu ni sawa na kumshtaki.

Jumamosi sikwenda. Barabara ilikuwa mbaya wiki ile, kama inavyokuwa, na watu walishauri tusubiri. Nilikaa na kesi yangu. Asubuhi, kichwani mwangu, wifi alikuwa amemuuza kwa mfugaji wa samaki wa Mbau, jirani na Beni. Ilipofika saa sita alikuwa amemla mwenyewe na ndizi. Bwawa jipya lilijaa maji safi, bila kitu ndani isipokuwa vyura. Nikawa napita upande mwingine wa nyumba nisilione.

Nilikuwa nachagua maharagwe wifi alipopiga simu.

"Wifi, unanikasirikia?"

"Kwa nini nikukasirikie?"

"Kichwa nilituma, haukusema hata merci."

"Kile kichwa si chake."

Akacheka kidogo, bila aibu. "Hapana, si yake. Nilikinunua ku soko."

"Kumbe ulimuuza."

"Eko mu tangi. Alikuwa na batoto mu kinywa, wifi, vile mama tilapia anabalindaka. Nilikuambia hapana anakula, nikakuambia mashavu imejaa, ukasema ninamunyima. Ungekuja Jumamosi na bidoni zako, unamutikisa njia yote, angebatapika bote. Lakini mwenye amekufa, hakuna mutu anakuja kumutafuta."

"Ungeniambia."

"Nilikuambia."

Furaha ilikuwa imenijaa, na juu yake ilikuwa imekaa hasira, nayo haikutaka kusogea.

"Na hao batoto?"

"Bamekwisha kutoka, banatembea benyewe. Sehemu yangu ya mulishaji nimeitoa mu batoto."

"Umetoa? Mimi sijaona?"

"Nimelisha, nimetoa. Sasa njia iko muzuri, kuja. Leta bidoni kubwa ya mama na benzake, na moja ndogo ya batoto bako."

"Ndogo kiasi gani?" nikauliza.

"Ndogo," akasema, akakata simu.