Kulala na Mwiko

Asubuhi moja mwanzoni mwa miaka ya themanini, tukiishi Matsangoni, niliamka nikakuta mkono wa mtu mwingine kitandani mwetu. Ulikuwa umelala juu ya kifua changu, mzito, hauna habari. Nikaushika kwa mkono wa kushoto nikautupa upande wa mume wangu, nikidhani ni wake. Aliponyanyuka akiwa na mikono yake yote miwili, ndipo nikaufuata ule wa tatu kwa macho mpaka begani, nikaona ni wangu.

Mume wangu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Sote tulikuwa watu wa bara, tumeletwa pwani na uhamisho wake. Mimi nilishona kwa cherehani barazani kwa mama mwenye nyumba, mtu wa Malindi mjini, ambaye Kiswahili chake kilikuwa kitamu hata akikugombeza unatamani aendelee. Nilikuwa na mimba ya miezi sita. Kila mtu alikuwa na la kuniambia juu ya mimba, na kila mtu alikuwa na la kuniambia juu ya mkono, lakini hakuna aliyeyataja yote mawili kwa pamoja.

Ganzi ilishika kidole gumba, cha shahada na cha kati. Kidole cha mwisho kilibaki kizima. Mchana ilitulia kidogo. Alfajiri iligeuka maumivu ya moto yanayopanda mpaka kwenye kiwiko. Sindano ilianguka nisijue. Nilishona sare ya shule nikaifunga mkono mmoja kabisa, na mzazi wa mtoto akaja kuuliza, kwa upole, kama serikali imebadilisha mtindo.

Mume wangu alisema naulalia. Mama mwenye nyumba alisema ni baridi, akanichua kwa mafuta ya nyonyo na kunifunga kipande cha kanga. Jirani aliyekaanga samaki alisema nimepitiwa na kitu, akaniongezea uzi mweusi. Mke wa mwalimu mkuu alisema damu imelala, nitumbukize mkono kwenye maji moto ya chumvi. Sikutaka kumvunja mtu moyo, nikafanya yote. Nilitoka jioni na mkono uliofungwa, uliopakwa na uliochumvishwa, na bado sikuusikia.

Jambo lililonipeleka hospitali lilitokea kanisani. Baada ya ibada mchungaji alisimama mlangoni akitupa mkono mmoja mmoja. Nami nilimpa wangu, nikasema asante, nikaondoka. Sikujua kwamba sijamwachia. Vidole vyangu vilikuwa vimejifunga kwenye vyake, na yule mzee mwenye heshima zake akanifuata hatua kadhaa mpaka uani, waumini wakitutazama. Alidhani nina jambo zito la moyoni. Aliniketisha kwenye jiwe, akaniombea kwa kirefu, akanisihi nimsamehe mume wangu. Mume wangu alikuwa amesimama pale pale.

Kesho yake mama mwenye nyumba aliniambia, "Mwanangu, mafuta yangu nimeyamaliza. Nenda Kilifi."

Hospitalini daktari alikuwa kijana mwenye miwani. Aliuliza swali moja tu kwanza.

"Mama, hii mimba ina muda gani?"

Nikamwambia nimekuja kwa ajili ya mkono.

"Ndiyo. Nauliza habari za mkono."

Akaniambia nikunje vifundo vya mikono, migongo ya viganja igusane, nitulie hivyo. Mlango ulikuwa wazi. Waliokaa kwenye benchi nje waliponiona, nao wakakunja mikono, mmoja baada ya mwingine, hata mwenye jino na mwenye jipu, wakatulia kimya kama wanaongoja amri. Kabla dakika haijaisha vidole vyangu viliwaka ganzi. Mzee mmoja benchini alilalamika kwamba yeye hasikii chochote na amekuja kutoka mbali.

Daktari alinieleza kwamba mshipa wa fahamu hupita kwenye kifundo katika njia nyembamba. Mwili wa mja mzito huvimba kwa maji, njia inabanwa, na mimi nikauongezea mkasi na kulala nimekunja mkono. Nipunguze kukata vitambaa, na nikilala kifundo kinyooke. Vibao vya kufungia mikono vilikuwa vimekwisha. Nitafute kitu kilichonyooka nyumbani.

Kitu kilichonyooka nyumbani kilikuwa mwiko. Niliufunga kwa kitambaa kila nilipokwenda kulala, na kwa kweli maumivu ya alfajiri yalipungua. Kilichoongezeka ni uvimbe kwenye paji la uso la mume wangu, kwa sababu nilikuwa mtu wa kugeukageuka.

Hapo ndipo mama mkwe alipofika kutoka bara kuningojea nijifungue. Alitazama paji la mwanawe. Asubuhi akaingia kutuamsha, akanikuta nimelala na mwiko mkononi. Alimwita mwanawe nje, akamuuliza tangu lini anapigwa. Mume wangu alichora kifundo, njia na mshipa kwa chaki mlangoni, akamsomesha mama yake kama darasa la sita. Mama mkwe alisikiliza mpaka mwisho.

"Ni mwiko wa mboga au wa ugali?"

"Wa ugali, Mama."

"Na ugali wa jana ulisongwa na nini?"

Mwalimu akaanza kufuta chaki mlangoni.

Mtoto alizaliwa salama, msichana. Ganzi haikuondoka siku hiyo. Ilijivuta wiki baada ya wiki, ikaacha kwanza kidole gumba. Siku moja nikikata pilipili kwa kachumbari, vile vidole vitatu vikaanza kuwasha kwa ukali kiasi cha kunitoa machozi. Nikamwita mama mkwe aje aone, nikilia na kucheka, vidole ndani ya bakuli la maji. Alimchukua mtoto mgongoni, akaniambia nisimguse kwa mkono huo mpaka jioni.