Sumu Inatoka na Maganda

Mganga hajigangi, lakini mimi nilizidi: nilimtia mama yangu ugonjwa kwa mdomo wangu mwenyewe.

Mimi ni mhudumu wa afya wa kijijini, huku karibu na Mukuyuni. Mwaka huo mvua ilitukuta mahindi yako nje hayajakauka, na magunia yakaota ukungu. Tukaitwa kwenye dispensari, tukafundishwa siku mbili, tukapewa fulana na kijitabu. Ujumbe ulikuwa mmoja: mahindi yenye ukungu yana sumu, yatupwe, hata kuku wasipewe.

Jumapili, baada ya ibada, nikasimama mbele ya akina mama wa kanisa. Mama yangu alikaa kiti cha kwanza, kikapu chake cha kyondo mapajani, akiwatazama wenzake kuhakikisha wanasikiliza. Niliposema yatupwe, wakatazamana. Watupe, kisha wale nini? Hilo halikuwa kijitabuni.

Mmoja akauliza, "Na tukitoa maganda, tupike muthokoi?"

Kijitabu kilisema kukoboa hupunguza sumu. Hupunguza, basi. Lakini nyuso zile zilinishinda. Nikasema kwa Kikamba, "Ukikoboa, sumu inatoka na maganda." Wakapiga makofi. Nami, mjinga, nikayafurahia makofi hayo.

Wanasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mama yangu alisikia. Alirudi nyumbani akashika mchi, akatwanga mahindi yale ya ukungu, akayaosha, akayachanganya na maharagwe. Alikula muthokoi huo karibu wiki tatu, kwa moyo mweupe.

Siku niliyomkuta amejikunja kitandani, macho yake yalikuwa ya manjano. Nilijua kabla hajasema neno. Nikampigia afisa wa afya, kama tulivyofundishwa. Akaniambia nikusanye mahindi yaliyobaki, nifunge gunia, mtu asiliguse. Nikamuulizia gari la wagonjwa. Lilikuwa limeenda upande wa Kibwezi. Tukampeleka kwa bodaboda, mama katikati, mimi nyuma nimemkumbatia asianguke.

Hospitalini daktari alimbonyeza tumbo, akanivuta kando. Ini limeharibika, akasema, na dawa ya kuondoa sumu hiyo hakuna. Atatundikiwa maji, tusubiri. Nilimwomba aniandikie hata kitu cha kununua nje. Hakuwa na cha kuandika.

Kesho yake nilipita nyumba kwa nyumba nikiwaambia wamwage muthokoi. Jirani mmoja alisimama mlangoni, mwiko mkononi. "Lakini si ni wewe ulisema?" Hakuwa amekasirika. Alikuwa anauliza tu, na sufuria ilikuwa jikoni inachemka. Sijui kama aliimwaga.

Jioni nilirudi wodini. Mama alikuwa macho. Alinishika mkono, akasema polepole, "Mwiitu, binti yangu, hiyo makosa ni yangu. Sikutwanga vizuri. Mikono imezeeka, maganda ingine ilibaki."

"Mwaitu, mama yangu, pumzika."

"Waambie wale wengine watwange mpaka iwe nyeupe kabisa. Wewe ulifundisha vizuri. Hata mama mchungaji alisema."

Nilifungua kinywa nimwambie kwamba kijitabu hakikusema hivyo. Aibu ilinizuia, na hofu pia, kwamba nikimwambia sasa nitamnyang'anya kitu cha mwisho alichokuwa akijivunia. Nikavuta blanketi, nikamfunika miguu.

"Sawa, Mwaitu," nikasema. "Nitawaambia."