Takwa la Mpiga Upinde

Mjukuu wangu aliposema, "Nataka mama arudi," nilikuwa na njia nyingi za kumkatalia, na zote nilizijua. Nilikubali.

Ulikuwa mchezo wa mezani. Kila mchezaji ana shujaa wake wa kubuni, na dadu ndizo zinazoamua kama upanga umempata adui au umekata hewa tu. Lakini yuko mmoja asiyekuwa na shujaa. Watoto humwita gemu masta. Yeye ndiye anayesimulia misitu na majumba, na ndiye anayesema kwa kinywa cha kila mtu ambaye hana mchezaji, kuanzia mfalme hadi muuza samaki. Pale kwetu, gemu masta alikuwa mimi.

Sikuitafuta kazi hiyo. Binti yangu mkubwa alipofariki kwa saratani, mtoto wake alibaki nami hapa ughaibuni, katika mji wa Brooklyn Center, na kwa muda mrefu alikuwa akirudi kutoka shuleni, anaingia chumbani, anafunga mlango. Siku moja akatoka na vitabu vya mchezo huo alivyoazima maktaba. Alikuwa na wachezaji, hakuwa na wa kusimulia. Mimi nilisoma hadi sekondari tu, kule Bukavu, na Kiingereza changu ni cha mtu aliyefagia sakafu za ofisi za watu. Lakini katika kambi ya wakimbizi kule Kigoma watoto walikuwa wakija kusikiliza hadithi zangu, na mama yake alikuwa amemwambia habari hiyo. Basi Jumamosi mchana wakawa wanakuja: yeye, kijana mmoja Mkenya anayehudumia wazee kwenye nyumba ya wagonjwa, na msichana wa kanisani kwetu. Mimi nilisimulia kwa Kiswahili. Mjukuu wangu na yule msichana walinijibu kwa Kiingereza, yule Mkenya akachanganya vyote viwili, na tukaelewana.

Takwa ni kitu kigumu mkononi mwa gemu masta. Shujaa akiokota pete inayotimiza lolote atakalosema, ukimpa kama alivyoomba mchezo umekwisha, maana hana tena cha kutafuta. Ukimnyima, amenuna. Mimi niliwapa, kisha nikawatoza. Yule Mkenya alitaka vazi la chuma lisilopenywa na silaha yoyote. Nikampa. Ila halikuvulika tena.

"Sasa huyu jamaa ataoga aje, Babu?"

"Hataoga."

"Na akibanwa?"

"Hilo ni lake yeye na chuma chake."

"Wewe mzee ni mbaya sana," akasema, huku anacheka hadi chai ikamwagika.

Msichana wa kanisani alitaka kila mlango umfungukie. Ukamfungukia, na wa nyumba yake ukawafungukia wezi. Walilalamika na kila wiki wakarudi. Nilijua ninachokifanya, na nilijivuna.

Zamu ya mjukuu wangu ilifika. Shujaa wake alikuwa mpiga upinde, binti ambaye mama yake alikufa kabla hadithi haijaanza. Ndivyo alivyomtunga mwenyewe, na sikuwa nimeuliza kwa nini. Akasema anatumia pete. Kisha, yeye ambaye miaka yote nikimsemesha Kiswahili ananijibu Kiingereza, akasema kwa Kiswahili kwamba anataka mama arudi. Hakusema mama wa mpiga upinde. Alisema mama.

Ningeweza kusema pete haina nguvu juu ya wafu. Ningeweza kumletea mama huyo katika ndoto, mara moja, akaaga na kwenda. Ningeweza kufunga vitabu, nikawaambia wenzake waende nyumbani, nikaketi na mtoto. Nilimtazama uso, nikaona kitu ambacho sikukiona tangu mazishi, na nikataka kiendelee. Nikasafisha koo.

"Umekula nini leo?"

Hivyo ndivyo binti yangu alivyoanza maongezi na mtu yeyote. Nilitumia sauti yake, ile ya kuvuta mwisho wa neno, na kabla ya kila jibu nikafyonza hewa kidogo kama yeye. Mkenya alikuwa ameanza kucheka, akaacha.

"Wali," mjukuu wangu akasema. "Lakini ulikuwa baridi."

"Babu, si fea," Mkenya akaniambia baadaye mlangoni, akivaa viatu. "Sisi wote umetutoza. Huyu hujamtoza kitu."

Hakuwa na wivu. Alinitazama kama anavyowatazama wazee wake kazini wanapokataa dawa. Nikamwambia takwa la huruma halina bei. Kanisani ningeulizwa nilikuwa ninafanya nini, kusema kwa sauti ya marehemu mbele ya mtoto wake, na ndiyo maana sikumwambia mtu wa kanisa, na yule msichana nikamwomba asiseme.

Tangu hapo hakuna aliyepigana na zimwi. Mpiga upinde na mama yake walikaa kando ya mto wakiongea, na wale wengine wawili wakisubiri. Mjukuu wangu alianza kula. Alianza kunisalimia asubuhi. Nilijiambia kwamba nimemponya.

Sasa nieleze habari ya baba yake. Aliishi mji wa Anoka, akifanya kazi kiwandani. Aliachana na binti yangu mtoto akiwa mdogo, akaoa tena, na mimi sikumsamehe. Lakini binti yangu alimsamehe. Siku zake za mwisho alituambia, mimi na mdogo wake anayeishi mji wa Crystal, tukiwa wawili tu chumbani: "Mtoto akitulia kidogo, mpelekeni kwa baba yake. Asikue bila baba kwa sababu ya hasira zangu." Nikasema sawa. Mdogo wake naye akasema sawa, akaniachia mimi niitimize ahadi hiyo, kwa kuwa mimi ndiye mkubwa.

Mtoto akatulia. Baba yake akapiga simu, akaomba mtoto ahamie kwake likizo ya kiangazi ikianza. Kwa heshima akaniita baba. Nikasema nitaongea naye. Nikatazama nyumba yangu, vyumba viwili na jiko, nikajiona nimebaki humo peke yangu.

Jumamosi iliyofuata mpiga upinde alimgeukia mama yake. "Mama, kapteni aliyetuacha ameniita kwenye ngome yake. Niende?"

Mezani hakuna asiyejua kapteni ni nani. Nikafyonza hewa. Kwa sauti ya binti yangu nikasema, "Usiende. Mtu aliyekuacha ukiwa mdogo atakuacha tena. Kaa na babu yako."

Msichana wa kanisani akainua kichwa. "Babu? Mpiga upinde ana babu?"

"Anaye," nikasema.

Yule Mkenya hakurudi tena baada ya siku ile. Msichana alifuata.

Mjukuu wangu alimwandikia baba yake kwamba haendi, kisha akafungia namba yake. Baba akanipigia mimi. "Baba, nimekosa wapi safari hii?" Nikamwambia ampe muda. Majira ya baridi yalipoanza alileta koti, akasimama chini kwenye maegesho akiwa amelikumbatia kama mtoto mchanga. Mjukuu wangu alimwona kutoka dirishani, akakataa kushuka. Nilishuka mimi, nikalipokea. Tulisimama kwenye theluji tukiongea habari za barabara. Ningeweza kumwita mtoto. Ningeweza kusema neno moja tu.

Kabla baridi haijaisha baba yake alianguka nje ya kiwanda chao, akikwangua barafu kwenye kioo cha gari, na moyo ukasimama. Hakuna aliyejua kuwa alikuwa mgonjwa, hata yeye.

Baada ya mazishi tulikuwa jikoni kwa binti yangu mdogo. Alikuwa akiosha vikombe, na kwa uchungu tu, bila kujua anachokifungua, akamwambia mtoto, "Angalau mama yako alitaka wewe na baba yako muishi pamoja. Alituambia mimi na babu yako."

Mjukuu wangu aliweka kitambaa chini. "Babu, mama alisema hivyo?"

"Alisema."

"Na wewe ulimfanya aseme nini?"

Nilikuwa na nafasi moja ya kujibu kama mtu mzima. Nikasema, "Ule ulikuwa mchezo, mwanangu."

Hakulia. Alimwambia mama yake mdogo kwamba hatarudi kwangu, na hakurudi, hata kuchukua nguo. Nilizipeleka mimi. Nilipofika mlangoni kule Crystal nilimwomba msamaha, na safari hiyo sikusema habari za mchezo. Nilisema nilidanganya kwa kinywa cha mama yake kwa sababu niliogopa kubaki peke yangu. Alinisikiliza hadi mwisho. "Nimekusikia, Babu," akasema kwa Kiingereza, akachukua mifuko, akafunga mlango taratibu.

Nimeenda tena mara kadhaa. Binti yangu mdogo hunipa chai, na mtoto hukaa chumbani hadi niondoke. Nikijaribu kumkumbuka mama yake, kile alichosema kweli na kile nilichomsemesha vinakuja kwa sauti ileile, na siwezi tena kuvitenganisha. Mjukuu wangu alimkataa baba yake hadi akafa, kwa neno ambalo mama yake hakulisema, na mimi ndiye niliyelisema. Kwa hilo nimempoteza. Ninaishi peke yangu.