Viti ya Kilio

Mama Musoki anakaa mu mutaa ya Mudzipela, lupango yake inapakana na yetu. Alitoka Butembo na bwana yake. Bwana alipokufa, yeye akaanza kazi ya kupamba arusi: viti nyeupe, vitambaa ya kungʼaa, maua ya plastiki ambayo ukipita haraka unasema ni ya kweli. Bei yake ilikuwa kali, na hakuona haya kuitaja. Lakini nani atamupa mutu asiyemujua pesa nyingi vile?

Basi akaanza na kilio. Mutu akikufa mu quartier yetu, yeye anafika na bashi ya kufunika watu na jua, na viti mbele hata ya pasta, na hataki kulipwa. Mama yangu alimucheka.

"Acha wanijue kwanza," akamujibu. "Watanilipa ku arusi yao."

Wakamujua kweli. Kambale, ule tajiri wa malori ya kwenda Mahagi, baba yake alipokufa, ni Mama Musoki alipanga kila kitu. Muke wa Kambale, Mama Adeline, alimukumbatia mbele ya watu: "Weye ni dada yangu."

Halafu binti yao Micheline akachumbiwa. Arusi ile moja tu, na matajiri wote wangemufuata. Mama Musoki aliuza cherehani yake, akanunua vitambaa ya rangi ya dhahabu.

Siku Mama Adeline alikuja, nilikuwa nafua nguo ngʼambo ya uzio ya matete.

"Dada, arusi tumemupa Fiacre."

"Fiacre? Ule mupambaji hajui hata kufunga rideau ku dirisha."

"Tunajua. Lakini viti yako, mama... Muzee alilala katikati yake. Micheline anasema akiiona, anaona sanduku."

"Nitaivalisha. Hata kukodi ingine, nitakodi."

"Na sura, utakodi wapi? Watu wakikukuta ku mulango ya sale ya arusi, watauliza nani amekufa."

Mama Musoki akaanza kukunja kitambaa ya dhahabu.

"Usikasirike," Mama Adeline akasema. "Tutakutumia sahani ya chakula."

Jumamosi magari ya arusi yalipita na honi zao. Sahani haikufika.

Arusi haijapoa, shofere wa Kambale akagonga mulango: shangazi ya tajiri amekufa, wanaomba bashi na viti. Mama Musoki akamutajia bei, ileile ya arusi.

Shofere akamuuliza: "Mama, hata weye unalipisha kilio?"

"Hata miye."

Kesho yake ku robine ya maji wamama walisema anakula juu ya maiti. Mumoja alisema alimujua toka zamani, ule huruma wake wote ulikuwa mutego. Wengine ni wale wale alipanga viti ku kilio ya watoto wao. Mama yangu alikuwa pale, hakusema kitu. Na miye pia.

Familia ya Kambale ikaenda kukodi viti kwa Fiacre. Aliwalipisha bei yote, hata kabla maiti haijatoka morgue, na hakuna mutu alinungʼunika.