Kifuu cha Karafuu Elfu

Nilikuwa na miaka minane mama alipoachwa, akaolewa tena Tanga. Mimi nikabaki Konde na bibi, mama yake. Nililia mpaka majirani wakachoka nami. Bibi akanishika mabega akasema, "Nyamaza, mjukuu wangu. Mamako atarudi. Siku alfu tu." Sikujua elfu ni kiasi gani, na niliona haya kuuliza.

Mwalimu wetu wa hesabu alikuwa Mwunguja, mtu wa subira na suruali iliyopigwa pasi. Alitaka tuione milioni kwa macho yetu, basi akatuagiza karafuu tuje tuzihesabu moja moja. Skuli nzima ikaangua kicheko. Karafuu hupimwa kwa pishi, nani kazihesabu? Lakini tulihesabu, kila mmoja elfu yake, na yangu haikujaza hata kifuu cha nazi.

"Haya," akasema mwalimu, "milioni ni vifuu kama hivyo elfu. Magunia hayo!"

Wenzangu wakashika vichwa. Mimi milioni yao haikunihusu. Nilikitazama kifuu changu nikacheka peke yangu: kumbe mama yu karibu hivi!

Nikaomba ruhusa nikaenda nacho nyumbani, nikakiweka dirishani. Kila asubuhi baada ya chai nilitoa karafuu moja, nikaitia mdomoni, nikaondoka. Mwezi ukaisha, kifuu hakikupungua. Wa pili, vilevile. Nilimwona mwalimu mwongo mkubwa. Kitu cha viganja viwili kinakataaje kwisha? Nilimkumbuka mama mpaka nikawa nawaonea wivu kuku wenye vifaranga, na sioni aibu kulisema hilo leo.

Lakini haba na haba. Mwaka wa kwanza ukapita, wa pili nao, kitako cha kifuu kikaanza kuonekana. Kila nilipomwambia bibi kwamba zimebaki kidogo, alijibu, "Inshallah," akainamia jamvi lake la karafuu, akaendelea kuchambua makonyo, vile vijiti vyake.

Kisha ukaja msimu wa kuchuma karafuu. Asubuhi moja nikatia vidole kifuuni, nikakuta karafuu nyingi kuliko za jana. Nikazimimina kiganjani nikazisogeza kwenye mwanga. Zangu zilikuwa zimepauka kwa kukaa. Nyingine zilikuwa nyekundunyekundu, zina mafuta bado, za msimu uleule. Na nyumba ile tulikuwa tukiishi wawili tu.

Nikachungulia uani. Bibi alikuwa amenipa mgongo, mikono haimwendi kama siku zote. Hapo nikajua kwamba mama haji, na kwamba bibi hana ulimi wa kuniambia. Nikazirudisha zote, za zamani na mpya, nikatoa moja.

"Bado kidogo, bibi," nikasema kwa sauti ili asikie, nikaenda skuli.